Paa Lililopakwa Dawa ya Viatu

Kuna watu Kampala wanaonunua gari ili wafike wanakokwenda. Mimi nilinunua gari la paa la kukunja. Nililinunua kwa hiari yangu, katika jiji ambalo mvua haipigi hodi, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na juu ya miti wamekaa kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokula takataka zetu kisha wanaturudishia kutoka juu. Bila shaka lilikuwa jiji linalosubiri gari kama hilo.

Paa lenyewe lilikuwa la turubai jeusi, na haikuchukua muda nikawa profesa wa turubai. Nilitazama video zote kwenye simu. Nilijua kwamba paa la kitambaa huoshwa kwa sabuni isiyo kali na brashi laini, kufuata mwelekeo wa nyuzi. Kwamba halikunjwi likiwa bichi, maana litaota ukungu. Kwamba kinyesi cha ndege huondolewa siku hiyohiyo kabla hakijala kitambaa. Na kwamba likishakauka hupuliziwa dawa ya kuzuia maji. Kule Kamwokya ninakooshea gari, niliwahi kumzuia mwoshaji asilipige maji ya presha, nikamtolea mhadhara mrefu mpaka wateja wengine wakaanza kuondoka. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu.

Mtu ambaye elimu yangu haikumgusa kabisa ni baba. Alitumikia jeshi miaka mingi, akastaafu, na sasa anaishi Bwaise katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, ambayo mafuriko huitembelea mara nyingi kuliko ninavyoitembelea mimi. Siku nilipompelekea gari alilizunguka mara mbili, akaligonga paa kwa kidole, akauliza kama waliolitengeneza walikuwa wameishiwa bati. Kila nilipomwalika apande alisema magoti yanamuuma, kisha akapanda bodaboda mbele ya macho yangu.

Basi dada yangu alipoomba nimpeleke kanisani kwa gari hilo siku ya arusi yake, baba akiwa amekaa naye nyuma, furaha yangu haikuwa ya arusi tu. Baba angepanda. Huenda angesema, hata kwa kunung'unika, kwamba mwanawe aliwahi kununua kitu cha maana. Nimepita miaka arobaini na bado nilikuwa nalitaka neno hilo, nalitaka sana, na naona haya kidogo kuliandika.

Usiku wa kuamkia arusi nililaza gari nyumbani kwa baba. Asubuhi nilipotoka nje, paa lilikuwa linang'aa. Baba alisimama kando yake na brashi ya mabuti mkononi, na ukutani alikuwa amepanga vikopo vitupu vya dawa nyeusi ya viatu. Alikuwa amelipaka kama wanavyofundishwa kambini: kitambaa kimezungushwa kidoleni, mate kidogo, duara dogo dogo, tabaka juu ya tabaka. Raia wa kawaida akiona turubai limepauka, atafikiria sabuni. Mtu wa kambini akiona kitu chochote cheusi kimepauka, anafikiria gwaride.

"Hii kitu ilikuwa inatia sisi aibu," akaniambia. "Mtoto anaenda kanisa. Sasa iko tayari."

Profesa alifungua kinywa. Dawa ya viatu ni nta na rangi. Inaziba kitambaa, inashika kila nguo inayokigusa, na paa lenyewe lisingekunjika tena siku hiyo bila kujipaka rangi lote. Lakini baba alikuwa amesimama pale, mikono myeusi mpaka kwenye vifundo, akingoja nimsifu. Hajawahi kungoja hivyo maishani mwake.

"Imependeza, mzee," nikasema.

Tukaondoka Bwaise kuelekea kanisani Nakawa, paa likiwa juu, dada na gauni lake jeupe wamejaza kiti cha nyuma, baba amebanwa pembeni na suti yake. Alikuwa anawapungia watu mkono kama mgeni wa taifa. Tulipofika Kamwokya mvua ikashuka, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Nampa baba haki yake: hakuna tone lililopenya turubai. Maji yaliteleza juu ya ile nta vizuri kuliko yalivyowahi kuteleza juu ya dawa yangu ya kupuliza. Baba alicheka kwa sauti.

Kisha dada akasema, taratibu, kwamba mgongo wake umelowa. Maji meusi yalikuwa yanapanda nyuma ya kiti na kumwagikia gauni.

Baba alilitazama gauni, kisha akatazama kucha zake. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi naharibu nguo ya mtoto wangu."

Dada aliolewa akiwa amefungwa shali ya shangazi kiunoni. Bwana arusi hakugundua chochote, kama ilivyo desturi yao.

Sasa niseme lililo la kweli. Pale ukingo wa paa unapokutana na bodi, nyuma ya kiti, kuna mfereji wenye matundu mawili ya kutolea maji chini ya gari. Matundu hayo huzibuliwa mara kwa mara kwa waya laini, la sivyo yanajaa matope na maji yanafurikia ndani. Video zote zinasema. Mimi mwenyewe nilimwambia yule mwoshaji wa Kamwokya. Lakini kazi hiyo inataka upige magoti na kuingiza mkono kwenye uchafu, kwa hiyo sikuwahi kuifanya hata siku moja. Jumatatu baada ya arusi nilipiga magoti, nikatoa matope ya kujaza kiganja. Gauni lingeharibika tu hata kama dawa ya viatu isingekuwapo. Baba alichangia rangi.

Na sikungoja Jumatatu kujua. Nilijua palepale dada aliposema amelowa. Baba aliposema ni yeye, niliangalia barabara. Foleni ilikuwa haisogei. Nilikuwa na muda wa kugeuka na kusema mara kumi.

Hajapanda gari hilo tena. Kila mvua inyeshapo, maji yakiwa mlangoni pake mwenyewe, hunipigia simu kuuliza kama paa bado linavuja, na kuniomba radhi upya. Nami humjibu kwamba nimeshamsamehe.