Mche wa Polepole
Mama mwenye nyumba alimwangalia muuza miche akipima kwa shubiri ule ukanda mwembamba wa kivulini, kando ya ukuta, ambako hata nyasi zilikataa kuota. Kila kitu alikipima mara mbili, akanusa udongo, kisha akafuta vidole kwenye kofia yake.

"Nataka ua mwembamba, mrefu, unizibie nisimwone yule," mama alisema, akielekeza kidevu kwenye dirisha la jirani. "Na tulikuwa kama ndugu!"

Muuza miche akachagua mche wa majani mazito. "Huu unavumilia kivuli. Utafika dirishani baada ya miaka minne."

"Minne! Hakuna wa haraka?"

"Upo," alisema, akiupanda ule mche na kushindilia udongo taratibu kwa viganja. "Ila waliogombana siwauzii. Huu wa polepole, wengi huniita niukate ukiwa bado kiunoni, wapate kusalimiana na jirani."