Folda Iliyoandikwa Lundo

Mpaka leo naona haya kupita mbele ya chumba cha kompyuta cha chuo chetu hapa Mbinga. Mimi ndiye mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, na kompyuta yetu ya mezani ni kuukuu. Ukiiwasha, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi haijafunguka. Niliwaahidi wenzangu kwamba nitaiponya.

Nikakuta folda nzito iliyoandikwa "Lundo". Mimi na akili zangu nikajua ni lundo la takataka. Nilifungua faili moja, nikasikia kuku, kikohozi, na bibi mmoja akisimulia kwa lugha nisiyoielewa huku akicheka. Nikafuta zote, hata pipa la taka nikalisafisha.

Jumamosi wanachama walikusanyika. Kompyuta ilifunguka upesi, wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa.

"Nimeondoa lile lundo la kelele," nikatamba.

Agnetha, katibu wetu, akauliza taratibu, "Lundo lipi, mwenyekiti?"

"Folda ya kuku na bibi anayecheka."

"Lundo ni kijijini kwetu, kule ziwani," akasema. "Huyo ni bibi yangu. Alikuwa ananitajia majina ya samaki kwa Kinyasa. Tumemzika mwezi uliopita."

Mwalimu mlezi wa klabu akamgeukia. "Lakini nakala unayo, mwanangu?"

"Simu niliyorekodia ilidumbukia ziwani, mwalimu. Ndiyo maana nikazileta humu. Niliona kwa mwenyekiti wetu zitakuwa salama."