Aliposema Kifua

Jumatano ile hainitoki akilini, mwanangu, na wala sitaki initoke. Niliipiga pasi sare yangu mara mbili. Nikajitanda mtandio mpya wa samawati, nikajitia manukato kidogo, ungeniona ungedhani naenda harusini Ukunda. Kumbe naenda kukaa mbele ya kompyuta. Cheka tu, lakini ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kueleza kisa cha mgonjwa mbele ya bingwa wa kansa aliyeko Nairobi, na wauguzi wa zahanati nyingi za kwetu, kuanzia Matuga mpaka huku mpakani, walikuwa wanatazama.

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Najua, umezoea sisi wazee tukianza na "nilipokuwa kijana". Basi mimi katika kazi ile nilikuwa mchanga kabisa. Nilikuwa nimezalisha wanawake hadi hesabu imenipotea, nimechanja watoto, nimefunga vidonda, lakini kansa nilikuwa naijua kwa jina na kwa hofu tu. Mgonjwa tukimshuku, tulimwandikia karatasi aende mbali, na wengi waliifutika karatasi ile chini ya godoro, hawaendi. Ndipo ukaja mpango huu wa Jumatano. Bingwa anakaa kwake, sisi tunakaa kwetu, tunaonana kwenye skrini. Muuguzi mmoja anaeleza mgonjwa wake, bingwa anauliza maswali, wengine wanachangia, na kila mtu anaondoka na kitu. Wallahi niliupenda tangu siku ya kwanza. Nilijiona nimerudi chuoni, na safari hii nasikiliza.

Mgonjwa wangu alikuwa Bi Mwanasiti wa Majoreni, mama wa makamo, mshonaji makuti. Mahoteli kadhaa ya Diani yameezekwa kwa makuti ya mikono yake. Alikuwa amekuja zahanati mara tatu katika miezi miwili, na kila mara maneno yake ni yale yale: "Kifua chaniuma, dada." Mara ya kwanza nikampa chupa ya dawa ya kikohozi. Mara ya pili nikamwongezea vidonge. Mara ya tatu nikamtuma eksirei, ikarudi safi. Hapo nikajiambia, ahaa, hii ni kansa ya mapafu iliyojificha, na mimi ndiye nitakayeifichua mbele ya watu wote. Ona kiburi hicho.

Basi nikaeleza. Nilieleza vizuri, sitajidunisha bure: umri wake, kazi yake, siku alizokuja, dawa nilizompa. Bingwa wetu alikuwa Daktari Njeri, binti wa umri wa kifungua mimba wangu, ana miwani na sauti ya chini. Aliniamkia kwanza, akanishukuru. Kisha akaniuliza kama mgonjwa anakohoa. Nikatazama karatasi yangu, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Nikamwambia hapana, hakohoi.

"Sasa Sista Mwanaisha," akasema, "kikohozi alikisema nani?"

"Nilikisema mimi."

Akaniuliza mgonjwa alionyesha wapi kwa kidole. Sikujua. Akaniuliza kama niliweka mkono pale panapouma. Nikasema nilimsikiliza kwa chombo, mgongoni, juu ya buibui. Uso uliniwaka, mwanangu. Nyuma yangu alikuwa amekaa Bwana Mwero, mwenzangu anayetoa dawa pale zahanati, naye akajitia kukohoa, na hicho ndicho kikohozi pekee kilichokuwamo katika kisa kile chote.

Daktari Njeri hakunikaripia, na labda angenikaripia ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia.

"Sista, mimi sikuzaliwa huko," akaniambia. "Sijui mama wa huko akiona haya husema vipi. Wewe unajua. Mwone leo hii. Usimtajie ugonjwa wowote, mwambie tu akuonyeshe."

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kifua! Mimi mzaliwa wa Msambweni, niliyelelewa na nyanya ambaye neno titi hakulitamka mbele ya mwanamume maisha yake yote, mimi ambaye mwenyewe nikiumwa husema kifua, nikakaa nikalisikia neno lile kama mgeni aliyeshuka jana. Na chumba chetu ni kimoja, kina pazia tu katikati, na Bwana Mwero yuko upande wa pili anafungasha vidonge na masikio anayo. Bi Mwanasiti angesema nini? Alisema neno la stara, akaniachia mimi mwanamke mwenzake nielewe. Mtu asiyejua hata njia ya Majoreni ndiye aliyegundua kuwa kuna jambo sikuliuliza.

Na lililonitoa machozi lilikuwa jingine. Nilipokuwa msichana kazini, hata miaka ishirini na mitano sijafika, niliwekwa kwenye zahanati moja kule ndani kwa wafugaji. Alikuja mama mmoja na kifua chake. Nikampa chupa ya kikohozi, akanishukuru, akaenda zake. Mwaka uliofuata nikasikia amefariki kwa donda la kifuani. Nikasema maskini, nikaendelea kuandika kadi. Miaka yote ile sikuwahi kuviweka pamoja vitu viwili hivyo, chupa yangu na donda lake. Niliviweka pamoja pale kwenye kiti, wenzangu wote wakiniona kwenye skrini, nikalia na sikujificha.

Sikungoja kikao kiishe. Nilipanda bodaboda mpaka Majoreni, sare ile ikarudi na rangi ya barabara. Nilimkuta Bi Mwanasiti uani anashona makuti, rundo limemfika kiunoni. Tukaamkiana, tukaulizana habari za nyumbani na za watoto mmoja mmoja, maana humwendei mtu kwake ukaanza na maradhi, hata kama roho yako inapapatika. Kisha nikamwomba tuingie ndani, nikafunga mlango, nikakaa naye kitandani. Nikamwambia anionyeshe.

Alinishika mkono, akauweka upande wa kushoto, karibu na kwapa. Nikakigusa kinundu. Kigumu, hakisogei chini ya kidole, ukubwa wa korosho.

"Nilikwambia mara tatu, dada," akasema. "Wewe mtu wa hapa hapa. Nilijua umenielewa, nikajua dawa ile ndiyo yake."

Unasikia? Mama wa watu alikunywa dawa ya kikohozi miezi miwili, chupa akaimaliza, kijiko kwa kijiko kama nilivyomwandikia, kwa sababu aliniamini. Nikamwomba radhi. Nilimwomba mara ngapi sijui. Akanisamehe upesi, upesi kuliko nilivyostahili, lakini akaniwekea sharti lake: "Nairobi siendi. Kama ni kufa, nife wanangu wakiniona." Nikamwambia sawa, ingawa sikuwa na uhakika hata chembe kwamba itawezekana.

Basi sikiliza sasa, maana hapa ndipo ninapopapenda. Alifanyiwa kipimo Msambweni, akachomwa sindano, kipande kikapelekwa maabara. Jibu likaja: ni kansa, lakini haijatoka pale ilipo. Nilikieleza kisa kile upya Jumatano iliyofuata, safari hii bila mbwembwe, na mwishoni nikasema wazi kuwa mgonjwa hataki kwenda mbali na mimi sijui la kufanya. Niliona vichwa vikitikisika kwenye vile visanduku vya skrini, kila mmoja ana wake wa namna hiyo. Daktari Njeri akasema kama mgonjwa haji Nairobi, basi tutaisogeza Nairobi ije kwake.

Na ikaja, jamani! Upasuaji ulifanywa huku huku, baada ya daktari wa hospitali ya Msambweni na bingwa kukaa kwenye skrini wakapanga kila hatua. Dawa za kutia mshipani zikapangwa kule, zikatiwa huku. Nikafundishwa namna ya kuzitundika, namna ya kuuangalia mshipa usiungue, vipimo gani vya damu nisubiri kabla ya kila duru ya dawa. Nilijaza madaftari matatu. Nikirudi nyumbani namfundisha mume wangu chakula kikiwa mezani, mpaka akaniomba nimwonee huruma.

Baada ya duru ya pili Bi Mwanasiti akapata homa. Alinipigia simu asubuhi, akasema ni homa ndogo tu, atameza panadol alale. Zamani ningemwambia meza ulale. Lakini daftari langu lilikuwa limesema, na lilisema kwa sauti ya Daktari Njeri, kwamba mtu aliye kwenye dawa hizi homa yake haina udogo. Nikamwambia atoke nyumbani sasa hivi, tukutane hospitali. Chembe nyeupe za damu yake, zile zinazopigana na maradhi, zilikuwa zimeshuka vibaya. Waliomlaza waliniambia angechelewa mpaka jioni tungekuwa tunazungumza mengine. Nilikaa kwenye benchi la nje nikacheka peke yangu, kwa sababu nilijua. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile, nilijua.

Siku ya majibu ya mwisho nilimketisha kando yangu mbele ya kompyuta. Alikuwa hajawahi kumwona bingwa wake. Akaitazama skrini, akainama kwangu akaninong'oneza, lakini mnong'ono wa Bi Mwanasiti husikika mpaka barabarani: "Huyu mtoto ndiye?" Daktari Njeri akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia kwa Kiswahili cha polepole kuwa vipimo vyote ni safi, kilichobaki ni kurudi kuangaliwa kila baada ya miezi. Lo! Vigelegele vilivyopigwa zahanati ile siku ile, mwanangu, walioleta watoto kuchanjwa wakapiga bila hata kujua ni vya nini. Nilimkumbatia mpaka akaniambia dada naumia.

Huu ni mwaka wa tatu, na anashona makuti. Aliporudi kwenye ushonaji, akina mama walimuuliza alikuwa anaumwa nini, akawajibu kwa jina lenyewe, hakusema kifua. Waliziba nyuso kwa leso, nimesimuliwa. Jumatatu iliyofuata nilifungua zahanati nikawakuta wanne kutoka Majoreni wamekaa kwenye benchi la nje, wamenyooka kama wanasubiri mtihani. Wa kwanza akaingia, akasimama katikati ya chumba, akasema: "Sista, titi langu." Akalisema kwa sauti. Bwana Mwero aliweka vidonge chini, akatoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Tangu siku hiyo hakai ndani mwanamke akichunguzwa.

Mimi nimestaafu, na Jumatano hii kiti kile ni chako. Umeniambia unaogopa bingwa atakuuliza jambo usilolijua. Omba akuulize! Atakalokuuliza ukakosa jibu, hilo ndilo litakalomsaidia mgonjwa wako. Usipeleke kisa ili usifiwe. Kipeleke kikiwa na mapengo yake, useme hapa sijui, hapa sikugusa, hapa nilidhani tu. Bingwa ana elimu ya ugonjwa, wewe una elimu ya watu wako, na mgonjwa anazihitaji zote mbili mezani. Mtu akikwambia neno, mwombe akuonyeshe kwa mkono wake. Na usiseme kwa kuwa wewe ni wa hapa, unaelewa. Mimi nilikuwa wa hapa.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na vidole vyepesi vya kutafuta. Akujaalie walimu wa kukukosoa, wakubwa na wadogo zako, na moyo wa kuwapenda wakikukosoa. Na yule mama wa kule kwa wafugaji, ambaye jina lake sikuliuliza, Mola amrehemu, na atakayekuja kwako kesho akukute unasikiliza.