Vikabichi vya Burat

Mama alikaa kwangu Burat, hapa Isiolo, tangu mvua za mwisho wa mwaka hadi baridi ya katikati ya mwaka uliofuata, na muda huo wote hakutoa nguo zake kwenye begi. Nilikuwa nimemteremsha kutoka Timau, kule juu kwenye baridi, baada ya kuanguka shambani, akalala pale chini mpaka jirani aliposikia ng'ombe wakilia kwa kutokamuliwa. Nikasema hataishi peke yake tena. Hakubishana. Kila asubuhi aliniuliza tu gari la kupanda juu linaondoka saa ngapi, na mimi, ambaye ubishi nimeurithi kwake, nikamjibu kwamba leo hakuna.

Swali lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba niliona ananikataa mimi: nyumba yangu, chai yangu, cherehani yangu inayopiga kelele barazani tangu asubuhi. Alikula kidogo, akakonda, na nikaogopa sana.

Siku moja akataja vikabichi. Ujanani alichuma mboga kwenye shamba kubwa la huko juu, zile kabichi ndogo kama ndimu zinazoota zimepangana kwenye shina, ambazo hupelekwa ng'ambo kwa ndege. Wachumaji waliziita watoto, na shina wakaliita mama. Alinikunjia ngumi kunionyesha jinsi mtoto mzuri anavyojifunga, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu aje. Nikaagiza miche kwa dereva wa lori la viazi, nikaapa kwamba mama atavipata vikabichi vyake hapa hapa kwenye joto, na akivipata atatulia.

Nikafanya kosa la mtu wa Isiolo. Mji wetu ni wa mifugo, mbolea ya mbuzi unapewa bure ukijitolea kuizoa, na hakuna mmea ambao hatujaumwagia. Sukuma wiki inaipenda. Nikajaza mashimo hadi juu. Haikuchukua muda majani yakawa mapana kama ungo.

Jirani yetu, mama wa Kiborana mwenye huruma na maneno mengi, alipiga hodi na salaam aleikum yake, mama akamjibu "Amina" kama kawaida, na wote wawili wakaridhika. Aliomba majani ya kupika, kwa maana sukuma yetu ilikuwa imezidi. Nikamweleza kwamba si sukuma. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta majani ya chini yamevunjwa, na aliyemruhusu ni mama. Nikagomba. Mama akasema jani ni jani.

Halafu wakaja wadudu wa kijivu, wadogo mno, wakajazana chini ya majani. Mama alishikilia kwamba dawa yao ni jivu. Nikapaka jivu, wadudu wakakaa juu ya jivu. Waliondoka nilipowaosha kwa maji ya sabuni, na mpaka leo mama anasema sabuni ilisaidiwa na jivu.

Watoto walipotokea, walitoka wamefunguka, majani yametawanyika kama pindo lililofumuka. Hasira zangu huja mbio. Nilishika shina la kwanza niling'oe, mama akaniambia ngoja, akainuka kitini bila kuombwa. Wiki nzima nilikuwa nikimbembeleza atembee hata hadi mlangoni.

Aliniegemea bega, akatikisa shina. Likacheza. Upepo wa Burat, unaotuangushia hata kamba za nguo, ulikuwa umelegeza udongo wote. Akakumbuka kwamba shambani kule waliopanda walikanyaga udongo kwa kisigino mpaka ukashika. Lakini yeye alikuwa mchumaji tu, hakuwahi kupanda hata mche mmoja, kwa hiyo mengine tulibahatisha. Nikaona mche wa pembeni, ambao mbolea haikuufikia. Ulikuwa mfupi, sura mbaya, lakini vitoto vyake vilikuwa vigumu. Nikamwonyesha.

"Tumewalisha wakasahau kujifunga," akasema.

Tukaipunguza mbolea, na kila jioni tukakanyaga. Mama alinishika shingo kwa mikono miwili, akakandamiza kisigino, tukasogea. Kwetu watu hawakumbatiani. Mtoto akishakua anasalimiwa kwa mkono, basi. Sasa mama alinikumbatia kila siku kwa kisingizio cha kabichi. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, na nilikanyaga hata pale palipokuwa pamekwisha kushika.

Baridi ilipoingia, mama akaomba kisu, akakata vichwa vya miche ili nguvu ishuke kwa watoto. Vichache vya chini vikajifunga. Nikavikaanga na kitunguu. Mama alimaliza sahani. Jirani alisema ni vichungu kama dawa, akavimaliza kwa heshima.

Nikaona nimeshinda. Nikamwambia mama kwamba sasa tumejua siri ya vikabichi, msimu ujao tutapanda vingi, na atabaki. Alipangusa sahani kwa kidole.

"Kabichi zimejaribu," akasema. "Usiku zinajifunga, mchana zinafunguka. Si makosa ya shamba lako. Hata mimi nimejaribu."

Akaniwekea mkono gotini.

"Sikukatai wewe, mwari wakwa, binti yangu. Nakataa joto."

Nililia, mtu mzima na nywele zangu za mvi, nikalia mpaka naye akaanza kunicheka. Nilipotulia nikampigia simu mke wa kaka yangu, ambaye boma lake linapakana na la mama, tukakubaliana kwamba binti zake watalala kwa nyanya yao kwa zamu. Alisema angekubali tangu mwanzo kama ningemuuliza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi tukapanda Timau. Tulifika ukungu umeshashuka. Miaka ya Isiolo imenisahaulisha baridi, meno yakagongana. Mama alinitazama, akavua shali yake, akanifunika. Nikainuka kwenda kuwasha moto, kama nilivyozoea kumfanyia kila kitu.

"Kaa," akasema. "Hapa ni kwangu."

Akaenda mwenyewe kuchukua kuni, polepole, bila kushika ukuta, nami nikakaa.