Kiraka cha Bluu Chini ya Bawa

Nisikilize taratibu, ndugu yangu unayesoma, maana jambo hili nimelibeba miaka mingi na sina nguvu ya kulisimulia mara mbili. Kosa ni langu. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenidanganya, na sikuwa mtoto. Niliharibu ndege ya mtu kwa kuitengeneza vizuri.

Mimi ni fundi bati, mzaliwa wa Ujiji. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa na kibanda kwenye mwalo wa Kibirizi, pale boti zinapopakia na kushusha. Nilitengeneza vibatari na mikebe ya kupimia dagaa, na nilikuwa naziba karabai za wavuvi. Watu walivuka ziwa kutoka Kongo, wengine na godoro, wengine na kuku, wengine mikono mitupu. Wakishuka walipangwa mstari, wakaandikwa, wakapandishwa malori kwenda kambini. Mstari ule ulipita mbele ya kibanda changu.

Ndiyo maana Mzee Feruzi alinichagua mimi. Jina hilo si lake, nimemsitiri. Huko kwao ng'ambo alikuwa fundi kama mimi, na juu ya mlango wa karakana yake alitundika ndege ya bati. Ilikuwa mfano wa ndege ya kivita ya ile vita kuu ya pili, ya rubani mmoja, yenye pangaboi puani. Baba yake alikuwa askari enzi za Wabelgiji, akamwachia picha ya ndege hiyo. Picha ilikuwa imekunjwa mara nne mpaka bawa moja likafutika kwenye mkunjo.

Siku alipotelemka kutoka kambini na kibali chake cha siku moja, nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniambia shida yake bila kuzunguka. Siku mji wao uliposhambuliwa, mkewe alikuwa shambani. Yeye alikimbilia ziwani, mke akakimbilia mlimani. Hajui kama yu hai. Alitaka mabati mabovu na kona ya meza yangu, atengeneze ndege kama ile ya mlangoni, aitundike kwangu.

"Muke wangu akishuka hapa, ataiona," alisema. "Atauliza. Wewe utamwambia niko kambi gani."

Basi ndege ile ilichukua vibali sita. Ngoja nikueleze ilivyotengenezwa, maana bila hivyo hutaelewa nilichokiharibu.

Kiwiliwili alikikata kwenye kopo la mafuta ya kula, akakikunja juu ya mpini wa jembe ili kiwe kinene kifuani na chembamba mkiani. Mabawa aliyakunja kwa ndani kwanza, ndipo akayalehemu, ili yasipinde yakipata joto. Misumari ya mabati ya ndege halisi aliiigiza kwa msumari butu: unalaza bati juu ya kipande cha mpira wa baiskeli, unagonga kidogo tu, kinatoka kinundu bila bati kutoboka. Aligonga mamia, kwa mistari, kama anashona. Kioo cha rubani kilitoka kwenye ile plastiki inayokaa ndani ya kola ya shati jipya. Mitutu ya bunduki ilikuwa mirija ya kalamu zilizokwisha wino. Magurudumu ni ndala. Mwisho akaishikilia juu ya kibatari kinachofuka, akapaka masizi ubavuni pale moshi wa injini ungepita, akayafuta kwa kidole kuelekea nyuma, upepo unakoelekea.

Nilikuwa sijawahi kuona kazi kama ile. Nilijifunza mengi kwa kumtazama tu, na yeye hakunificha kitu.

Halafu, ndege ilipokamilika, akachukua nyundo akalibonyeza bawa la kushoto. Akakata kipande cha kopo la maziwa ya unga, la bluu, akakilehemu chini ya bawa lile kama kiraka.

"Mzee, mbona unaiharibu?" niliuliza.

Akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka. "Ile ya kwanza haikupigwa na adui. Ilikanyagwa na muke wangu, akiwa na mimba, ananikimbiza kwa mwiko. Nikaiziba kwa kopo la maziwa ya mtoto. Tangu hapo kila ninayotengeneza naitia kiraka. Yeye huwa anakipapasa kwa kidole, ananiambia, 'Rubani wangu, bado hujapona?'"

Akaitundika mbele ya kibanda. "Yote waweza kuipangusa vumbi," aliniambia, kisha akakigusa kiraka. "Hapa usipaguse."

Nilimsikia. Naomba ulikumbuke hilo: nilimsikia vizuri.

Sasa, aliyenifundisha kazi Ujiji alikuwa na sharti. Kilichozibwa hakitundikwi mbele. Kilichozibwa kinarudi kwa mwenyewe, na mbele unatundika kipya, kwa sababu anayetundika kiraka anatangaza kwamba mkono wake umeishia hapo. Mafundi wote wa kwetu tulilishika hilo kama amri. Na wateja walilijua.

Mama Zaina, muuza dagaa wa jirani, ndiye aliyeanza.

"Fundi, hiyo ndege imegongana na nini? Na mbuzi?"

"Si yangu, ni ya Mzee Feruzi."

"Ya Mzee, lakini imening'inia kwako. Haya, karabai yangu nitaipeleka kwa fundi wa Bangwe. Wewe naona siku hizi unauza ajali."

Wachukuzi wakacheka. Mimi sikucheka. Siku ya pili wakaniita Fundi Ajali, na siku ya tatu mvuvi mmoja akapitiliza na karabai yake bila kunitazama.

Nikaishusha ndege. Nikajiambia namfanyia mzee wema, atakuta kazi yake imeng'aa. Nilikibandua kiraka, nikalinyoosha bawa, nikaweka bati jipya, nikagonga vinundu vyake kwa mistari kama alivyonifundisha mwenyewe. Nikaipaka rangi ya kijani kote, masizi yake yakapotea. Kiraka cha bluu nilikitumia kuziba kitako cha kibatari cha mtu wa Ilagala. Ndege ilipendeza. Nilisimama mbali nikaitazama, nikaona fahari. Nilidhani mkewe ataitambua ndege. Kumbe mwalo mzima ulijaa ndege za bati, watu wa kambini walikuwa wakizitengeneza na kuziuza. Ndege haikuwa alama. Alama ilikuwa kiraka.

Asubuhi moja boti ilishusha watu. Mwanamke mmoja akatoka kwenye mstari, akasimama mbele ya kibanda. Nilikuwa na wateja wawili.

"Nani ametengeneza hii?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono hii hii, mama."

Akainua mkono. Kidole gumba chake kikapita chini ya bawa la kushoto, kikaenda, kikarudi, kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Nilidhani anakagua lehemu yangu. Nikawageukia wateja nikasema, "Mnaona? Hata mgeni anaijua kazi safi."

"Ni nzuri," alisema yule mwanamke. "Nzuri sana." Akairudia foleni, wakaitwa, lori likaondoka.

Mzee Feruzi alikuja siku kumi baadaye. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndege, akaweka kidole gumba chini ya bawa la kushoto. Kikaenda, kikarudi.

Hapo hapo nikaelewa. Nikakaa juu ya ndoo.

Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Alikuwa amekonda?"

Sikujua.

"Kitenge chake kilikuwa cha rangi gani? Alikuwa peke yake, au na mtoto?"

Sikujua, ndugu yangu. Kidole gumba nilikikumbuka, kwa sababu kilikuwa juu ya kazi yangu. Uso wake sikuutazama.

Mzee hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema tu, "Kiraka kiko wapi?"

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda Ilagala. Nilimkuta mwenye kibatari kwake, nikampa vipya viwili kwa kile kimoja, akaniona nimerukwa na akili. Nilikibandua kiraka kwa moto mdogo ili rangi ya bluu isiungue. Iliungua kona moja. Ukiitazama leo utaiona.

Kibali kilichofuata Mzee alikuja na habari. Alikuwa amemuuliza kila mtu wa kwao. Mama mmoja alimwambia kwamba ndiyo, mkewe alivuka, akapelekwa kambi nyingine, akakaa wiki moja. Hakusikia lolote kuhusu mumewe, akarudi ng'ambo kumtafuta huko huko. Kabla ya kuondoka alimwambia yule mama: "Kibirizi niliona ndege kama ya mume wangu. Nikamuuliza fundi, akasema ni yake."

Mzee alinisimulia hayo huku akilehemu kiraka mahali pake. Mimi nilimshikia bawa.

Baada ya miezi naye akavuka kwenda kumfuata. Nilimbebea mzigo mpaka kwenye boti. Nikamwomba achukue ndege yake.

"Ibaki," alisema. "Anaweza kupita tena. Sasa unajua la kumwambia."

Sijapata habari zao mpaka leo, za mmoja wala za wote wawili. Ndege bado imetundikwa mbele ya kibanda, imebonyea bawa, na kiraka chake chini. Wateja wapya huuliza kwa nini fundi mzima anatundika kitu kibovu. Wengine huenda Bangwe. Waende tu.

Wewe mwenzangu, hasa wewe mwenye mkono mzuri wa kazi, nakuomba ujifunze kwangu. Ukiachiwa kitu cha mtu, usikitengeneze mpaka umuulize mwenyewe. Na kama hayupo, kipanguse vumbi ukiache. Na mtu akisimama mbele yako akauliza nani amekitengeneza, acha unachofanya, mtazame usoni, kisha mtajie jina la aliyekitengeneza.