Madoa ya Babu

Mwanangu alizaliwa na madoa meupe mgongoni na pajani. Kabla sijaanza kuogopa, mama mkwe wangu alikuwa ameshafurahi. Marehemu mumewe alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso tangu kuzaliwa, na nywele nyeupe juu yake, na alilima mahindi Chepsaita hadi uzeeni, mzima kabisa. Tena kina mama wazee walipokuwa wakitaja majina ya waliokufa, kama desturi ya huku ya kumpa mtoto jina, mtoto alipiga chafya kwenye jina la huyo babu. Basi, ikawa babu amerudi. Mimi ni mtu wa Busia, nimeolewa tu huku. Ningesema nini?

Alipofika miezi mitano, kila akiamka alikuwa anainamisha kichwa ghafla na kurusha mikono mbele. Mara moja, tena, na tena, halafu analia. Mama mkwe alipiga makofi.

"Mzee anatusalimia," akasema.

Majirani wa hapa Kiplombe wakaja kusalimiwa. Mume wangu naye akawa anaitikia kwa heshima zote. Lakini mtoto alikuwa ameanza kucheka, na sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikisema, naambiwa naonea wivu ukoo wa watu.

Mwishowe nilimfunga mgongoni, nikaenda mjini bila kuaga. Daktari alizima taa ya chumba, akammulika kwa taa ya buluu, na madoa yakang'aa. Yalikuwa marefu, yamechongoka upande mmoja kama majani. Nilimweleza habari za babu. Akasema ya babu yalikuwa mambo ya ngozi na nywele tu, hayamdhuru mtu. Haya ya mtoto yalitokana na ugonjwa mwingine kabisa, unaofika hadi kwenye ubongo, na kule kuinama kulikuwa kifafa cha watoto wachanga.

"Mama, mngemleta alipoanza tu," akasema, akaishia hapo.

Dawa zilikomesha kuinama. Kicheko hakikurudi. Sasa ana miaka mitatu, anakaa pale unapomweka, haniiti, hanitafuti. Nina hasira, sifichi. Yale makofi bado nayasikia.

Juzi mama mkwe alikaa naye uani, amemshika mkono, akangoja sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona siku hizi Mzee hatusalimii?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, la miaka yote hiyo. Nikamtazama alivyozeeka, nikamwambia mtoto amechoka.