Mzee wa Matope na Bolti ya Nne

Pale kwenye mtambo wa kusafisha maji walimwita Mzee wa Matope, na jina hilo lilikuwa kejeli tupu. Gari lake la porini, lile la magurudumu yote manne kuvuta, lilikuwa halijakanyaga tope lolote la maana tangu alinunue. Mchanga liliukanyaga mara moja, ndiyo, mchanga wa jirani aliyekuwa akijenga ukuta. Alirudi nyuma bila kuangalia, akazama, akaja kuvutwa na pikapu iliyobeba kuku. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kabla wengine hawajakisimulia, maana aliamini kwamba mtu akijicheka wa kwanza, wenzake hubaki na makombo tu.

Kwa miaka sita alikuwa akisema atakwenda kwenye mkusanyiko. Kila mwaka, kiangazi kikikolea, wenye magari kama lake walikutana kwenye uwanda mmoja wa mbali, mwendo wa siku mbili na nusu. Walipiga hema kando ya mto mkavu, na kwa siku tatu kazi yao ilikuwa kupanda vilima vya mchanga, kukwama na kukwamuana. Yeye alikuwa kwenye kundi lao la simu, tena si mtu wa kukaa pembeni. Alitoa ushauri. Mtu akiuliza upepo wa tairi upunguzwe kiasi gani kwenye mchanga laini, Mzee wa Matope alijibu swali halijaisha. Wakamshukuru, wakamwita mwalimu, naye muda huo amejinyoosha kwenye kochi na soksi zake miguuni. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe hili lilikuwa na mtandao.

Kikwazo, kwa maelezo yake, kilikuwa likizo. Yeye ndiye msimamizi wa zamu, na yeye ndiye aliyepanga likizo za watu kumi na mmoja kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, kati ya saa na kile kipimo cha nguvu ya maji. Huyu ana harusi ya dada yake, apewe. Yule mke wake anajifungua, apewe. Zikibaki siku za masika ndizo zake, na masika mkusanyiko haupo. "Kinyozi hajinyoi," alikuwa akisema, akisikitika kwa sauti ili kila mtu asikie. Lakini moyoni alijua. Kila mwaka alipofuta jina lake kwenye ile karatasi alipata nafuu kama mtu aliyeambiwa jino halitang'olewa leo.

Mwaka huu alikuja meneja mpya, dada wa umri wa binti yake, mwenye adabu zake. Asubuhi moja alimkuta akilifuta gari vumbi nje ya ofisi.

"Shikamoo mzee. Gari zuri. Ni lako, au unamtunzia mtu?"

Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma. Mzee wa Matope aliingia ndani moja kwa moja, akaandika jina lake kwenye tarehe za mkusanyiko, tena kwa kalamu ya wino, herufi kubwa. Meneja akatia saini siku hiyo hiyo. "Ukirudi usilioshe mpaka nilione," akasema. Basi yakawa yamekwisha. Asipokwenda safari hii, lile jina angestaafu nalo, na wangelitaja kwenye hotuba ya kumuaga.

Akaanza kupanga. Kupanga ndiyo kazi aliyoijua duniani. Siku mbili na nusu za kwenda, tatu za kukaa, mbili na nusu za kurudi, moja ya kuharibikiwa, moja ya kulala kama gogo. Kila chakula cha jioni aliisoma njia kwa sauti, kituo kwa kituo, huku mama watoto akipiga pasi sare yake ya posta na kuitikia "mm" panapotakiwa. Mama watoto alikuwa karani wa dirishani, miaka ishirini na sita akigonga mihuri, na "mm" yake ilitosha kwa mazungumzo ya aina nyingi.

Kisha ikaja orodha. Alibeba kila kitu cha safari hadi kazini na kukipima kwenye mizani ya mapipa ya dawa. Jeki, koleo, hema, kamba ya kuvutia, sufuria mbili. Alipima hata mswaki, mizani ikakataa kusogea, akaandika "kidogo". Vitu vikafika arobaini na tatu, akaibandika orodha kwenye ukuta wa banda la gari nyumbani.

Jambo moja tu lilimnyima raha: maji. Mtu aliyekaa miaka thelathini na chupa ya sampuli mkononi hawezi kunywa maji ya mtu mwingine kwa amani. Hata karamuni hunusa glasi kwanza, na mkewe humkanyaga mguu chini ya meza. Akapata tanki la plastiki la buluu, lita sitini, na bomba dogo chini. Halikuingia nyuma kwa sababu ya madumu ya mafuta. Ikabaki nafasi moja tu. Akamwita fundi wa magari wa mtaa wa pili, aje kumsaidia kung'oa kiti cha mbele cha abiria.

"Na mama atakaa wapi?" fundi aliuliza, spana mkononi.

"Mama? Mama hawezi vumbi. Yeye na kitanda chake ni wapenzi wawili."

"Umemwuliza?"

"Mke wa miaka ishirini na nane bado wa kuuliza?"

Fundi aliinamia kiti. Alifungua bolti nne, akazitia kwenye kopo la maziwa lililokuwa rafuni, wakakitoa kiti na kukiegemeza ukutani. Tanki likakaa mahali pake sawasawa. Mzee wa Matope alilivutia mkanda wa abiria, akalifunga, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Aliona kazi imekaa vizuri kabisa.

Alhamisi mama watoto alirudi kutoka posta na mfuko mkubwa kuliko kawaida. Hakupitia jikoni. Alikwenda bandani, ambako mumewe alikuwa akihesabu kamba, akatoa kwenye mfuko mto mdogo wa kuegemeza mgongo na kufungua mlango wa mbele. Akasimama hapo, mto mkononi.

"Baba watoto, hili ndilo linakaa mbele?"

"Maji, mama. Kule maji si ya kuaminika."

"Umelifunga mkanda."

"Lisije likaanguka."

Mama watoto akafunga mlango polepole. Akaisogelea orodha ukutani, akaisoma kutoka juu hadi chini kwa utulivu uleule anaosomea fomu za watu dirishani. Alipofika karibu na mwisho akaweka kidole. "Kifungulio cha makopo," akasoma. "Kifungulio cha makopo, cha akiba." Aligeuka. "Kifungulio kina akiba. Sawa."

Akatoa bahasha, akaiweka juu ya boneti. Ndani mlikuwa na barua ya likizo, yenye muhuri wa posta. Tarehe zilikuwa zilezile, na siku moja ya ziada mwanzoni, ya kufungasha. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vipya, vya kamba, soli nene.

"Hukuniambia kama unataka kuja," alisema Mzee wa Matope, na hata yeye aliisikia sauti yake ilivyokuwa nyembamba.

"Na wewe hukuuliza. Miaka sita ukilala chini ya gari hili, tochi alikuwa akikushikia nani? Hiyo njia nimeisikia mpaka naiota. Ukipita mizani ya malori ni kilomita mia mbili na kumi mpaka daraja la chuma. Hapo unaacha lami, unashika kushoto. Wewe kila siku unasema kulia, mimi nanyamaza, nasema nitamwambia tukifika."

Hapo mwenye akili angeomba radhi. Yeye alifikiri kidogo, kisha akasema, "Naweza kukutengenezea nafasi nyuma. Kati ya madumu."

"Kati ya madumu," mama watoto alirudia. Akachukua viatu vyake na mto wake, akaingia ndani. Jioni hiyo chakula kilikuwa na chumvi yake kamili na chai ilikuwa moto, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kama angetupiwa sahani. Alipofungua ramani kwa siri, daraja la chuma lilikuwapo, na njia ilikwenda kushoto.

Kesho yake kazini alikaa mbele ya ile karatasi ya likizo. Mitambo ilikuwa ikinguruma kwa amani, maji yakishuka kwenye machujio, kila kitu kiko sawa isipokuwa yeye. Wazo likamjia lenyewe: sababu ya mwaka wa saba ndiyo hii imepatikana. Mke amekasirika, nyumba haina amani, mtu mzima hawezi kuacha nyumba katika hali hiyo. Nani angemlaumu? Hata meneja angemwonea huruma. Akafungua droo, akatoa wino mweupe wa kufutia, akautikisa. Ndipo akashtuka kwamba alikuwa akipiga mluzi.

Aibu ilimshika hapo hapo kwenye kiti. Miaka sita amelalamikia likizo na masika, kumbe ni woga, basi. Alikuwa akiogopa mchanga. Alikuwa akiogopa kukwama siku ya kwanza mbele ya watu wanaomwita mwalimu. Na lile tanki, akijiambia kweli, halikukaa pale kwa ajili ya maji peke yake. Mtu akisafiri na tanki anaweza kugeuza gari kilomita ya mia moja, akalala siku nane kwenye nyumba ya wageni, akalipaka gari matope mwenyewe na kurudi. Tanki halisemi. Mama watoto angesema. Si kwa watu, la, asingemwaibisha. Angesema humo humo ndani ya gari, kwa sauti yake ya dirishani: "Twende mbele." Yeye na vilima vyake vyote vya simu alikuwa akitetemeka, na karani wa posta wa miaka hamsini na mitatu ameshanunua viatu.

Akaurudisha wino mweupe kwenye droo. Akacheka peke yake, kicheko kibaya, mpaka mpimaji wa maabara akachungulia mlangoni kuuliza kama dawa imevuja.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alifungua bomba la tanki na kuyamwaga maji yake yote lita sitini kwenye bustani. Nyanya za mkewe hazijapata kunywa maji yaliyopimwa vile. Akalitoa tanki, akalitupa nyuma ya banda, akakiburuta kiti, akakikalisha kwenye matundu yake manne. Akashusha lile kopo la maziwa na kulipindua kiganjani. Bolti zilikuwa tatu.

Akalitikisa kopo. Akachungulia ndani, kana kwamba bolti ni kitu cha kujificha. Akatafuta rafuni, chini ya rafu, chini ya gari, ndani ya viatu vyake vya kazi. Alitoa vitu vyote arobaini na tatu kimoja kimoja na kukung'uta kila kimoja, hema likamfunguka bandani na kumfunika. Alimpigia fundi, fundi akaapa aliweka nne. Saa nzima ikapita, magoti yakaloa grisi, kijasho kikamtiririka mpaka machoni. Alipochomoa kichwa kutoka chini ya gari kwa mara ya tatu, aliona miguu mlangoni, yenye viatu vipya vya kamba.

"Unatafuta nini?" mama watoto aliuliza.

"Bolti ya kiti. Zilikuwa nne. Zipo tatu."

"Tatu hazitoshi?"

Alijipangusa uso, akajipaka grisi zaidi. "Kwa tanki zingetosha."

Mama watoto aliingia bandani. Kisha akatia mkono mfukoni mwa gauni lake na kukikunjua kiganja. Bolti ilikuwa pale, imefutwa safi.

"Niliichukua ile Alhamisi usiku," alisema. "Nilitaka kuona kama utaitafuta."

Mzee wa Matope, mwalimu wa watu mia nne kwenye simu, aliipokea kwa mikono miwili.  Samahani ilitoka baadaye, ndogo, akiwa tayari ameinama chini ya kiti ambako hakuna mtu anayemwona. "Nisamehe, mama watoto. Niliogopa."

"Najua," alisema mkewe, akachuchumaa, akawasha tochi. "Si hapo. Shusha kidogo. Hapo."

Bolti ya nne ikashika. Akaikaza mpaka spana ikagoma, kisha akaongeza kidogo.

"Na maji?" mama watoto aliuliza.

Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu, akalifikiria hilo kwa uzito wake wote.

"Tutakunywa ya watu," alisema.

Mama watoto akazima tochi. Akapanda, akaweka mto wake mgongoni, akakaa, akavuta mkanda na kuufunga, ingawa safari ilikuwa bado siku tisa.

"Ukifika daraja la chuma?"

"Kushoto," alijibu Mzee wa Matope.